Karamu Iliyowatawanya Walioalikwa

Anayewaalika watu kula pamoja ili wajuane kikazi hubebeshwa amana tatu: fedha zao, saa zao na majina yao. Akiharibu moja, zile mbili zilizobaki hazimwokoi. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Njoro sasa wanaandaa chakula cha namna hii, na nia zao ni safi. Nia safi haitoshi. Kisa nitakachosimulia nimekitunga kwa ajili ya kufundisha, na ndiyo maana watu wake hawana majina. Lakini barabara, sheria na misiba inayotajwa ndani yake ni ya kweli, na makosa yake yanatendwa kila mwezi.

Palikuwa na kijana aliyeuza pembejeo za kilimo katika duka moja mjini Nakuru. Kazi ilimzungusha kaunti nzima. Leo yuko Njoro akiongea na watu wa Egerton, chuo kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Kesho yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua, na keshokutwa Bahati kwa wafugaji au Molo kwa wakulima wa viazi. Katika kuzunguka huko aliona jambo ambalo wengi hulipita: watu hawa walihitajiana na hawakujuana. Ushirika mmoja wa maziwa ulikuwa ukimwaga maziwa kwa sababu mtambo wa kupozea ulikufa na fundi wa kuutengeneza hakupatikana. Na huko Naivasha, fundi aliyetengeneza vyumba vya baridi vya maua kwa miaka mingi alikuwa amekaa nyumbani, mkataba umeisha, akitafuta kibarua.

Kijana akawaita watu saba, yeye akiwa wa nane, kwenye mkahawa mdogo karibu na Barabara ya Kenyatta. Alikuwapo daktari wa mifugo mstaafu, wakili, mhasibu wa ule ushirika, yule fundi wa majokofu, msimamizi wa ghala la maua, mwalimu wa chuo cha ufundi na mhandisi wa mvuke wa ardhini kutoka Menengai. Kila mmoja alilipia ugali na samaki wake mwenyewe. Kijana aliweka sharti moja tu: kila mtu aseme anachoweza kumsaidia mwenzake na anachokitafuta. Kabla sahani hazijaondolewa mhasibu alikuwa na nambari ya fundi, na wiki haikuisha kabla maziwa ya ushirika hayajaanza kupoa tena.

Wakakutana hivyo mwezi baada ya mwezi. Mwalimu akapata mahali pa kuwapeleka wanafunzi wake kwa mazoezi ya kazi. Wakili akapata wateja, na wateja wakapata wakili anayepokea simu. Hapakuwa na bango, wala kipaza sauti, wala katibu. Kijana aliketi kimya akisikiliza, na kila aliposikia mtu akitaja shida, alikumbuka mtu wa kuitatua. Hicho ndicho kipaji chake, na hakujua thamani yake.

Kisha sifa zikaanza. Watu wakamwambia, "Wewe ni kiongozi. Jambo hili ni kubwa kuliko mkahawa." Nakuru ilikuwa imepandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na kila mtu alitaka mambo yanayolingana na jiji. Kijana akafungua kundi la WhatsApp, na kila aliyeingia akaingiza wenzake. Walipofika mia mbili, akatangaza karamu: ukumbi wa hoteli, watu themanini, mfawidhi, muziki na mgeni rasmi.

Daktari mstaafu alimwita kando.

"Kijana wangu, unataka watu themanini wajuane usiku mmoja? Nimehudhuria harusi za watu mia tano, na kila mara nimerudi nyumbani na jamaa walewale niliokwenda nao."

"Daktari, tukibaki wanane hatutasikika."

"Tusikike na nani?"

Kijana hakuwa na jibu, lakini alikuwa ameshatangaza, na aibu ya kurudi nyuma ilimshinda nguvu.

Kiingilio kiliwekwa shilingi 3,000, zitumwe kwa simu yake mwenyewe. Hesabu yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Watu themanini wangeleta shilingi 240,000, na mfadhili, wakala wa kampuni ya mikopo, angeongeza 40,000. Hoteli ilitaka 2,500 kwa kila sahani, na muziki, bango na mpiga picha walihitaji 50,000. Kwa hiyo matumizi yangefika 250,000 na ziada ingebaki. Lakini hoteli hupika kwa idadi uliyoithibitisha, na hulipwa kwa idadi hiyo hata wageni wakikosa kuja. Kijana alithibitisha themanini kwa sababu kwenye kundi watu themanini walikuwa wameandika "nitakuwepo". Waliotuma fedha walikuwa arobaini na sita. Wengine waliendelea kuandika "natuma jioni", na jioni zikapita.

Hapo ndipo jambo la pili lilipomnasa. Ili kumlipa mchapa bango alitumia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaokuruhusu kutuma zaidi ya ulichonacho. Anayeutumia anajua masharti yake: fedha yoyote inayoingia kwenye laini hiyo hukatwa kwanza kulipa deni. Basi viingilio vya wageni vikawa vinaingia na kumezwa, na humo humo zilikuwamo fedha za kodi ya nyumba, salio la mauzo yake madogo na shilingi alizotumiwa na dadake. M-Pesa, ambayo Wakenya wameitumia tangu mwaka 2007, huhifadhi kila muamala. Lakini miamala iliyochanganyika haiwezi kumwambia mtu ni ipi ya chakula na ipi ya nyumbani. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hakuwa nalo.

Usiku wa karamu ukafika. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni. Mgeni rasmi, mwanasiasa aliyekuwa akitafuta kura, aliingia saa mbili na nusu usiku na watu kumi na wawili ambao hawakulipa, nao wakaketi kwenye meza ya mbele iliyotandikwa vitambaa. Chakula kilikuwa kimezuiwa kumngoja. Zikafuata hotuba. Mfadhili akaeleza mikopo yake, mheshimiwa akaeleza mipango yake, na mfawidhi akawataka watu wapige makofi baada ya kila sentensi. Kwenye meza za nyuma, wageni walikuwa wameketi na wale waliosafiri nao: wa ofisi moja na wa ofisi hiyo, wa lugha moja na wa lugha hiyo. Mhandisi kijana, mwanamke aliyetoka Olkaria akitafuta mtu wa kushirikiana naye katika ukaushaji wa mazao kwa mvuke wa ardhini, alikaa saa tatu kati ya marafiki wawili waliokuwa wakizungumza juu ya mpira. Mtu aliyemhitaji, msimamizi wa kiwanda cha mboga, alikuwa meza mbili tu nyuma yake. Hawakuonana uso kwa uso.

Ilipogonga saa tatu, mwalimu mmoja kutoka Molo aliinuka bila kula. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Njia yake ilipita Salgaa na Sachangwan, kipande cha barabara ambacho kila familia ya Bonde la Ufa inakijua kwa machozi. Pale Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka lilishika moto na kuua watu zaidi ya 100. Na Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi liligongana na lori na watu 36 wakafa. Nani angemwambia mtu mwenye watoto angoje kuku aive, kisha apite mteremko ule usiku wa manane? Watu wa Naivasha nao wakaondoka. Chakula kilipopakuliwa, theluthi ya waliolipa walikuwa barabarani na msafara wa mheshimiwa ulikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mambo mazito zaidi yalikuja wiki iliyofuata. Wageni wakaanza kupigiwa simu na wakala wa mikopo, akiwaita kwa majina yao yote mawili. Kijana alikuwa amempa orodha ya wageni kama sehemu ya makubaliano ya ule ufadhili, bila kumwuliza yeyote. Picha zikatokea kwenye kurasa za mwanasiasa, na chini yake maneno kwamba wataalamu wa Nakuru wamemuunga mkono. Mmoja wa waliopigwa picha alikuwa mtumishi wa serikali. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimtaka afisa wa umma asiegemee upande wowote wa kisiasa kazini, na bosi wake akamtaka aandike barua ya kujieleza. Alikuwa amekwenda kula na kutafuta fundi wa visima.

Kwenye kundi, mtu mmoja akauliza kwa upole, "Hesabu iko wapi?" Kijana akajibu kwamba ataileta. Siku ya nne wakauliza tena. Akajaribu kuiandika kutoka kwenye jumbe za simu, akakwama. Ukweli ni kwamba alikuwa ameongeza fedha zake mwenyewe, zaidi ya 70,000, nyingine za kukopa. Lakini hakuweza kuonyesha. Mmoja akajiondoa kwenye kundi, kisha wakafuata wengine watano, kisha makumi. Bandu bandu huisha gogo.

Alikwenda kwa daktari mstaafu. "Mzee, Mungu ananiona, sikuiba hata senti."

"Najua hukuiba," daktari akasema. "Lakini waliokuamini hawakuwa na njia ya kujua, na kazi ya kuwapa njia hiyo ilikuwa yako. Umewaachia wachague kati ya kukuita mwizi na kukuita mzembe. Yote mawili yanamfungia mtu milango ya kazi."

Kijana akalia. Alilipa madeni yake kwa miezi mingi. Wale wa mkahawani wanaendelea kusaidiana hadi leo: fundi anahudumia ushirika, mwalimu anapeleka wanafunzi, wakili anapokea simu. Wanakutana wakati mwingine, na aliyewajuanisha hawamwiti.

Hicho ndicho kisa. Sasa tuyatazame mafunzo yake, kwa kuwa nisingependa msomaji ayasikitikie makosa haya tu kisha ayarudie.

Nianze na saa za watu, kwa sababu wengi hudhani fedha ndiyo amana kubwa. Mtu anaweza kupata tena shilingi 3,000, lakini jioni aliyoipoteza hairudi. Kazi ya mwandalizi ni kuhakikisha kwamba saa zile zimemkutanisha mgeni na mtu ambaye asingekutana naye. Udogo wa meza ndio unaoleta hilo. Mwaka 1995 Robin Dunbar na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti wa jinsi watu wanavyozungumza wanapokuwa pamoja, wakaona kwamba mazungumzo mamoja hubeba watu wanne hivi. Wakizidi, hupasuka na kuwa mawili. Miaka mingi kabla ya hapo, tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alikutana mjini Chicago na watu watatu: mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi wa nguo. Wanne, kazi nne tofauti. Wakakubaliana wakutane kwa zamu katika ofisi za kila mmoja, na kutokana na zamu hiyo likapatikana jina la Rotary, ambayo ilifika Nairobi mwaka 1930. Chama kilichoenea dunia nzima kilianza na watu ambao wangetosha ndani ya teksi moja. Kwa hiyo ukiwa na wageni ishirini, wagawe meza tano za watu wanne wanne, na katikati ya chakula wabadilishe meza.

Wala usiwaache waketi wapendavyo. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu waliopata kazi kupitia wengine, mara nyingi habari ile waliipata kwa mtu waliyeonana naye mara chache, si kwa rafiki wa kila siku. Rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Nakuru na Naivasha ziliona damu Januari 2008, majirani wakigeukiana kwa sababu ya lugha. Ilichukua mazungumzo ya zaidi ya mwaka mmoja kabla wazee wa Agikuyu na wa Kalenjin kutia sahihi mkataba wa amani wa Nakuru Agosti 2012. Meza ya kazi inayomkutanisha Mkalenjin, Mkikuyu, Mkisii, Mjaluo na Mhindi juu ya jambo linalowapa riziki wote inaendeleza kazi ya wale wazee. Meza inayoachwa ijigawe kwa lugha inaibomoa polepole, hata kama kila mtu anatabasamu. Mwandalizi apange viti kwa mkono wake, akijua kwa nini huyu ameketi karibu na yule.

Na awe na huruma na barabara. Watu wetu wametawanyika kutoka Molo hadi Naivasha. Kikopey, karibu na Gilgil, iko kati ya Nakuru na Naivasha, na nyama choma yake inajulikana na kila msafiri wa barabara ile. Jumamosi mchana pale, kuanzia saa sita hadi saa tisa, nyama ikatwe mezani, na jua lisizame kabla mtu wa Molo hajafika kwake. Saa ya kuanza ikifika, anza. Anayechelewa, hata akiwa mheshimiwa, atakula kilichobaki. Mgeni rasmi hana kazi kwenye chakula cha kujuana, maana kila dakika anayohutubia watu arobaini imewanyamazisha arobaini.

Kuhusu fedha, njia iliyo salama kuliko zote ni ile ya mkahawa wa kwanza: kila mtu alipe chake, moja kwa moja kwa mwenye mkahawa. Fedha isiyopita mkononi mwako haiwezi kukuchafua. Ikibidi uchange, basi zisiguse laini yako binafsi. Fungueni akaunti ambayo haitoi kitu bila sahihi za watu wawili wasio jamaa. Asiyelipa asihesabiwe, hata akiwa rafiki yako wa utotoni. Ithibitishie hoteli idadi ya waliolipa, wala si ya walioahidi. Na ndani ya siku tatu baada ya chakula, waandikie wote: kilichoingia, kilichotoka, risiti hizi hapa. Hasara ikiwapo, itaje. Watu husamehe hasara waliyoonyeshwa.

Majina nayo yana sheria. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na nambari ya simu ya mgeni wako ni mali yake. Amekupa wewe kwa ajili ya chakula, na kumpa mtu mwingine kunahitaji ruhusa yake. Picha pia. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mwandalizi wa chakula asifikiri kwamba sheria itampita kwa kuwa yeye ni kijana mwenye nia njema. Waulize watu mlangoni, nani anakubali kupigwa picha na nani hakubali, na mfadhili anayetaka orodha ya wageni kama malipo mkatalie, hata kama bila yeye mtakunywa maji matupu.

Funzo la mwisho ni gumu kwa sababu linamhusu mwandalizi mwenyewe. Yule kijana alikuwa na kipaji adimu cha kukumbuka shida ya mmoja na dawa ya mwingine. Aliposifiwa, akakiacha akashika kipaza sauti. Mwandalizi ni mtumishi wa meza. Siku anapoanza kuitumia meza ili aonekane, wanaoketi wanajua, hata kabla hawajaweza kulitaja jambo hilo.

Basi wewe unayepanga chakula mwezi ujao, usianze kwa kutafuta ukumbi. Chukua karatasi, uandike majina ya watu saba, na kando ya kila jina uandike mtu anayepaswa kukutana naye, na kwa sababu gani. Ukishindwa kujaza safu hiyo ya pili, ahirisha chakula. Nenda ukawatembelee kazini kwao, mmoja mmoja, uwasikilize mpaka uweze kuijaza.